Kiingereza cha Kinywa: Habari za Kufundisha Lugha kwa Kusema

Habari za Edward Steere twazijua. Alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, akaketi na wenyeji, akawasikiliza wakisimulia hadithi, akaandika aliyoyasikia. Mwaka 1870 akapiga chapa kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na kingine cha hadithi zenyewe. Sikio lilitangulia, kalamu ikafuata. Lakini zamani zile zile, katika shule za Ulaya, lugha ngeni hazikufundishwa hivyo. Mtoto alipewa kanuni na orodha ya maneno, akafasiri sentensi moja moja kama afasirivyo Kilatini. Aliweza kutaja nyakati zote za kitenzi, asiweze kuomba maji ya kunywa.

Mwaka 1878 Maximilian Berlitz alifungua shule ya lugha mjini Providence, Marekani. Husimuliwa ya kuwa alimwajiri Mfaransa, jina lake Nicholas Joly, kisha yeye mwenyewe akaugua. Na kumbe Joly hakujua Kiingereza. Basi Joly akawa anaonyesha vitu kwa kidole na kuvitaja kwa Kifaransa, akitenda matendo na kuyasema. Berlitz alipopona, baada ya majuma sita, aliwakuta wanafunzi wakiulizana na kujibizana kwa Kifaransa. Njia hii ikaenea hata Ulaya. Na katika shule moja ya namna hiyo, mjini Verviers, nchi ya Ubelgiji, aliingia kufundisha mwaka 1902 kijana Mwingereza, Harold Palmer.

Huyu ndiye aliyeifanya njia ya kinywa kuwa elimu yenye utaratibu. Vita ya 1914 ilimfukuza Ubelgiji, akafundisha katika Chuo Kikuu huko London, na mwaka 1922 akaitwa Japani awe mshauri wa serikali katika kufundisha Kiingereza. Mwaka 1925, pamoja na binti yake Dorothée, alitoa kitabu cha kufundisha Kiingereza kwa matendo.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kwanza mwanafunzi husikiliza tu, wala halazimishwi kusema, kama mtoto mchanga asivyolazimishwa. Kisha huamriwa: fungua mlango, chukua chaki, naye hutenda. Baadaye huulizwa huku mkono wake ungali mlangoni, naye hujibu, “I am opening the door.” Akiisha kuufungua, huulizwa tena, “I have opened the door.” Hapo hakuna kanuni iliyotajwa, na nyakati mbili zimekwisha kuingia. Sisi wenye Kiswahili tuna bahati katika jambo hili, maana tofauti ya nimefungua na nilifungua tumeinyonya kwa mama zetu. Taabu yetu ni nyingine. Kiswahili husema “amekuja” bila kutaja kama ni mume au mke, na mtoto wetu atamwita dada yake “he” mpaka mwaka uishe. Kanuni yake ni fupi, kila mtoto aijua. Ulimi ndio usioijua. Mwite mvulana mmoja na msichana mmoja mbele ya darasa, watende kazi, wenzao waseme nani afanya nini, tena na tena, mpaka ulimi uzoee. Sisi makatekista hatuna haja ya kushangaa, maana swali na jibu kwa kinywa ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Lakini huko Japani mambo hayakuwa mepesi. Walimu wengi walikuwa wamejifunza Kiingereza kwa macho, na kukisema mbele ya darasa kubwa lilikuwa jambo la kuogopesha. Tena mitihani ya kuingia shule za juu ilitaka kufasiri, haikuuliza kusema. Mzazi alitaka mwanawe ashinde mtihani, na mwalimu angemjibu nini? Wengine waliufuata utaratibu wa Palmer, wengi wakarudi kwenye kufasiri.

Alikuwako pia Mwingereza mwingine, Michael West, aliyefundisha Bengal. Yeye alisema watoto wengi huacha shule mapema, na wachache tu watapata mtu wa kusema naye Kiingereza. Basi wafundishwe kusoma kwanza, ili waondoke na faida mkononi. Si neno la kudharauliwa, na mwalimu wa kijijini atalielewa upesi. Hata hivyo naona ya kuwa asiyewahi kulisikia neno hulisoma kwa shida, akilikisia sauti yake, na kisha hulisahau.

Palmer alirudi Uingereza mwaka 1936, akafa 1949. Katika kazi ya Tokyo alikuwa amesaidiwa na A. S. Hornby, naye akaiendeleza. Pamoja na wenzake wawili Hornby alitunga kamusi kwa ajili ya wageni wanaojifunza Kiingereza, inayoonyesha kila kitenzi hufuatwa na maneno ya namna gani. Ilipigwa chapa Tokyo mwaka 1942, vita ikiendelea, na mwaka 1948 ikatolewa tena na Oxford. Matoleo yake ya baadaye yamefika katika makabati ya shule zetu, na watoto wakiyafungua hukuta humo sentensi zile zile fupi zisemwazo kwa kinywa.