Grinzing, kijiji cha mizabibu ndani ya Vienna

Grinzing iliharibiwa mara tatu katika muda wa karne moja na nusu. Mwaka 1529 majeshi ya Waturuki wa Osmani yaliyouzingira mji wa Vienna yalikivunja kijiji hicho. Mwaka 1604 moto ukakila, na mwaka 1683 Waturuki waliporudi kikateketea tena. Kila mara wenyeji walijenga upya palepale, kwani mali yao kubwa haikuwa nyumba bali mteremko wenyewe, ile ardhi inayopanda kutoka kijijini hadi vilima vya Cobenzl na Kahlenberg, kaskazini-magharibi mwa mji. Mzabibu uliounguzwa juu huchipua mzizi wake ukisalimika, na mkulima anayelijua hilo hahami upesi.

Bwana mkubwa wa maeneo hayo katika Zama za Kati alikuwa monasteri ya Klosterneuburg, iliyoanzishwa mwaka 1114 upande wa pili wa vilima. Wakulima walilima, wakalipa kodi na zaka, na mvinyo wao ukateremka kwenda kunywewa mjini. Kanisa la Msalaba Mtakatifu, ambalo mnara wake bado unaonekana juu ya mapaa ya Grinzing, ni la karne ya 15. Papo hapo karibu na kanisa barabara inagawanyika, Cobenzlgasse upande mmoja na Himmelstraße upande mwingine, zote zikipanda mlimani. Anayetaka kuielewa Grinzing na aanzie kwenye njiapanda hiyo, kisha atazame malango. Ni mapana kwa sababu mkokoteni uliojaa zabibu ulipaswa kupita. Ndani mna ua mrefu, nyuma kuna chumba cha kukamulia, na chini ya ardhi kuna pishi la mapipa. Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya kazi, na uzuri wake umetokana na kazi hiyo.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, urithi mkuu wa Grinzing hauna mawe. Ni haki iliyotolewa tarehe 17 Agosti 1784, pale Kaisari Joseph II aliporuhusu kila mtu kuuza chakula, mvinyo na maji ya matunda aliyoyazalisha mwenyewe, wakati wowote wa mwaka na kwa bei aipendayo. Kwa amri hiyo mkulima mdogo alipata soko mlangoni pake. Hakuhitaji tena kumpitia mwenye baa wala dalali. Alitoa meza na mabenchi uani, akatundika tawi la msonobari juu ya lango, na mpita njia akajua kwamba leo humu mna mvinyo. Siku tawi lilipoondolewa, lango lilifungwa, akarudi shambani. Sharti lilikuwa moja: auze cha kwake. Ndiyo asili ya vilabu vinavyoitwa heuriger, jina ambalo pia ni la mvinyo mchanga wa mavuno ya karibuni. Zamani wageni walibeba chakula chao kwenye vikapu na kununua kinywaji tu, hivyo hakimu na fundi viatu waliweza kukaa benchi moja bila yeyote kuona haya kwa mfuko wake.

Mji wenye watu wengi kama Vienna ulihitaji mahali pa kupumua, na vilima vikawa mahali hapo. Ludwig van Beethoven alikaa Heiligenstadt, kijiji jirani, mwaka 1802. Huko aliwaandikia ndugu zake ile barua ya uchungu kuhusu masikio yake yaliyokuwa yakizibika, barua ambayo hakuituma. Mwaka 1808 alipanga katika nyumba moja kwenye barabara ya Grinzing, ambamo familia ya mshairi Franz Grillparzer ilikuwa ikiishi pia. Baadaye ndugu Johann na Josef Schrammel walipiga fidla zao katika vilabu vya vilima hivi, na tangu mwisho wa karne ya 19 muziki wa aina hiyo umebeba jina la ukoo wao.

Wakati huohuo mji ulikuwa ukisogea. Mwaka 1874 reli ya meno ilianza kupandisha watu kutoka Nussdorf hadi kilele cha Kahlenberg. Akaja pia mdudu filoksera, kutoka Amerika Kaskazini, akala mizizi ya mizabibu ya Ulaya. Wakulima wa Austria waliokoka kwa kupandikiza vikonyo vyao juu ya mashina ya Kiamerika yanayomstahimili. Tarehe 1 Januari 1892 Grinzing iliacha kuwa kijiji kisheria: pamoja na Nussdorf, Sievering, Heiligenstadt na majirani wengine ikaingizwa katika wilaya ya 19 ya Vienna, Döbling.

Hapo ndipo vijiji vingi vya pembezoni mwa miji mikubwa hupotea. Grinzing ilinusurika kwa sehemu kubwa kutokana na uamuzi wa baraza la jiji wa mwaka 1905 wa kutenga ukanda wa misitu na malisho kuizunguka Vienna na kuzuia ujenzi ndani yake. Meya wakati huo alikuwa Karl Lueger, mtu aliyejijenga kisiasa kwa kuwachukia Wayahudi, na doa hilo halifutiki. Lakini ukanda wenyewe ulikuwa tendo la busara, na kila anayetembea leo kati ya safu za mizabibu juu ya Grinzing anafaidi matunda yake.

Makaburi ya Grinzing yanastahili saa nzima. Mtunzi wa muziki Gustav Mahler, aliyefariki Mei 1911, amelazwa humo pamoja na binti yake Maria, aliyemtangulia mwaka 1907. Jiwe lililochorwa na msanifu Josef Hoffmann lina jina tu. Mwandishi Thomas Bernhard naye yuko humo tangu 1989. Ukipanda Himmelstraße mpaka juu utafika kwenye uwanja wa majani uliokuwa na jumba la Bellevue. Ni hapo, usiku wa kuamkia tarehe 24 Julai 1895, Sigmund Freud alipoota ndoto aliyoifanya kielelezo cha nadharia yake kuhusu ndoto. Miaka mitano baadaye alimwandikia rafiki yake akijiuliza kama siku moja kibao kitawekwa hapo. Kiliwekwa mwaka 1977. Kutoka uwanjani Vienna yote iko chini yako.

Katika mashamba ya jirani bado hulimwa kwa desturi ya zamani ya kuchanganya aina kadhaa za mizabibu katika shamba moja, zikavunwa na kukamuliwa pamoja. Ilikuwa kinga ya mkulima: baridi ikiua maua ya aina moja, nyingine itazaa. Mvinyo huo, Gemischter Satz, ulipata hadhi ya kulindwa kisheria mwaka 2013, na mwaka 2019 utamaduni wa heuriger wa Vienna uliingia katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika. Kinachonitia wasiwasi ni bei ya ardhi. Nyua kadhaa za Grinzing zimekwisha kuwa makazi ya matajiri, na lango likibaki bila mkokoteni wa kulipita, orodha hiyo haitarudisha mkulima. Ndiyo maana namsihi mgeni anayeshuka tramu namba 38 kituo cha mwisho asiridhike na vilabu vikubwa vinavyongoja mabasi ya watalii. Atafute tawi la msonobari, aulize shamba liko wapi, na anunue kwa aliyelilima.