Askari wa Shaba na Majina Yasiyoandikwa

Leo tuache hesabu, twende mjini. Shukeni Posta, mtembee mpaka Barabara ya Samora. Pale katikati ya njia mtamwona askari wa shaba nyeusi, ameinama mbele, bunduki yake ina singe. Wazee wengi wa mji huita sanamu hiyo Bismini.

Zamani za Wajerumani mji ulikuwa na sanamu nyingine, ya Hermann von Wissmann, yule aliyeletwa kuwapiga watu wa pwani na kiongozi wao Bushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwaka 1889. Wissmann alisimama juu kabisa. Chini yake askari Mwafrika akimtazama. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliiondoa. Ikafika Hamburg, Ujerumani, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwaka 1968.

Hii tuionayo iliwekwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Sasa aliye juu ni askari mwenyewe. Ni badiliko kubwa, lakini msiondoke upesi. Ninyi sasa mnajua kusoma: someni maandishi. Yako kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi na za Kiarabu. Yanawakumbuka askari na wapagazi wa vita vya 1914 mpaka 1918. Yanaahidi kwamba mtu akifa kwa kuipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Haya, tafuteni jina. Hamtaona hata moja.

Wapagazi ndio waliobeba risasi, unga na majeruhi. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Katika sanamu ya Nairobi, ya mwaka 1928, mpagazi amesimama pamoja na askari. Hapa kwetu aliye juu ni askari peke yake.

Lakini Waingereza waliwapigisha wapagazi kambi penye soko letu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Watu wakasema Kariakoo. Kila mwendapo kununua nyanya mnawataja. Kwangu mimi, soko limewakumbuka kuliko shaba.

Sasa kazi ya nyumbani. Muulizeni mzee wa ukoo wenu: nani alikwenda vita ile, naye alirudi? Andikeni jina lake kamili katika daftari, pamoja na jina la baba yake. Tutayasoma kwa sauti Jumatano.