Waya, bamba au skrubu? Historia fupi ya kuunga mkono uliovunjika

Kimya kingi, mitihani ilinibana kweli kweli. Leo naleta historia, ila sio ya wafalme wala vita. Ni ya mifupa ya mkono.

Chanzo ni mjomba wangu kule nyumbani Hasamba, Mbozi. Alianguka na pikipiki, akavunjika mfupa wa kiganja, akawekewa waya mbili. Tangu hapo kila nikipiga simu ananiuliza: "Mjomba, wewe si ndio msomi wetu? Mbona mwenzangu kawekewa bamba zima, mimi nikapewa vijiwaya? Umaskini huu?"

Swali zuri. Nikaingia maktaba.

Mkono mmoja una mifupa 27: 8 ya kifundo, 5 ya kiganja na 14 ya vidole. Kwa karne nyingi dawa ilikuwa moja: vuta, nyoosha, funga na vipande vya miti. Kwetu wazee wa kuunga mifupa wapo mpaka leo. Shida ni kwamba hakuna aliyekuwa anaona ndani. Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen akagundua eksirei, na picha yake maarufu ya mwanzo ni ya mkono wa mkewe, pete ikiwa kidoleni!

Bamba lilikuwa limeshatangulia. Carl Hansmann wa Hamburg aliandika kulihusu mwaka 1886. Mwaka 1909 Martin Kirschner, naye Mjerumani, akaja na pini nyembamba ambazo mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Mwanzoni zilitumika kuvutia mifupa mikubwa, baadaye zikahamia mkononi. Mwaka 1958 madaktari wa Uswisi wakaunda kundi la AO pale Biel. Msimamo wao: mfupa ushikwe imara ili kiungo kianze kazi mapema.

Hapo ndipo ubishi ulipo. Ukitaka mfupa ushike sana, lazima uchane sana.

Waya hupenyezwa bila kupasua pakubwa. Ni rahisi kwa bei na vifaa vyake ni vichache. Lakini haishiki kama bamba, kwa hiyo mara nyingi mkono unafungwa wiki kadhaa, na ncha zikiachwa nje ya ngozi wadudu wanaweza kuingia. Bamba linashika barabara na vidole vinaanza kujongea mapema. Ila ngozi inapasuliwa, na kano zinazopita juu yake zinaweza kugandamana na kovu, kidole kikakakamaa. Wengine hurudi kupasuliwa tena ili litolewe. Miaka ya karibuni imekuja skrubu isiyo na kichwa, inayoingia ndani ya uti wa mfupa kupitia tundu dogo. Nzuri, lakini inataka saizi sahihi na mashine ya eksirei palepale mezani.

Kwa mivunjiko mingi ya kiganja, tafiti zilizolinganisha waya na bamba zinaonyesha kwamba baada ya miezi kadhaa nguvu ya mkono haipishani sana. Tena mivunjiko mingi haihitaji upasuaji kabisa, mradi ukikunja ngumi vidole visipandane.

Sasa jiografia yetu. Mkoa wa Songwe umezaliwa 2016 tu, kabla ya hapo tulikuwa Mbeya. Taasisi ya mifupa ya MOI ilianzishwa kwa sheria ya 1996, ipo Muhimbili, Dar, zaidi ya kilomita 800 kutoka Vwawa. Ukiwa mbali hivyo, njia inayoweza kufanyika vizuri karibu na nyumbani sio njia ya kimaskini. Ina heshima yake.

Kwa hiyo jibu langu kwa mjomba: waya sio dharau. Hatari kubwa ni kupotea baada ya hapo. Msimu wa kuchuma kahawa ukifika mtu anaona amepona, harudi kutolewa waya, wala hafanyi mazoezi ya vidole. Mkulima mwenye vidole vilivyokakamaa hashiki jembe, hata kama picha ya mfupa inapendeza.

Na nyie mkivunjika (Mungu aepushe), muulizeni daktari mambo mawili: naanza lini kujongesha vidole, na narudi lini? Mjomba karudi kwa tarehe yake, waya zimetoka, sasa anajifunza kukunja ngumi. Nawasilisha, wadau.