Una Hilux ya Kitambo? Hivi Ndivyo Utaiendesha Kila Siku Bila Ikumalize Mfuko

Kila mtaa una pikapu kama hii. Namba inaanza na KAB ama KAD, rangi imepauka, mlango mmoja haufanani na ule mwingine, lakini saa kumi na moja asubuhi inawaka na kushika barabara. Mara nyingi ni Toyota Hilux ya kizazi cha tano, ile iliyotengenezwa kuanzia 1988 hadi 1997, na chini ya boneti kuna dizeli ya 2L ya lita 2.4 ama 3L ya lita 2.8.

Wasee wengi wanazisaka siku hizi. Pikapu mpya ni doo mrefu, na sheria ya Kenya hairuhusu uingize gari iliyotumika yenye zaidi ya miaka 8. Maanake Hilux ya kitambo haishuki tena kwa meli pale Mombasa. Ile utanunua iko hapa hapa, na imepitia mikono kadhaa, mingine ya wasee wa kazi safi, mingine ya mafundi wa "hii itashika tu, boss".

Pia kuna ile sifa. Mwaka wa 2003 kipindi cha Top Gear cha Uingereza kilichukua Hilux ya dizeli ya 1988, kikaizamisha baharini, kikaichoma moto, kikaiweka juu ya gorofa iliyobomolewa, na bado ikawaka. Sawa, lakini hiyo ilikuwa ya TV. Hiyo gari haikuhitajika kufika job Jumatatu hadi Ijumaa kwa miaka kumi. Yako inahitajika. Wengi waliua injini kwa kuamini eti Hilux haifi.

Kwa hivyo shika mpangilio huu wa pesa: kwanza isichemke, pili isimame, tatu itembee, na mwisho kabisa ndio ing'are. Ukianza na rimu na taa, utaishia kuvutwa na breakdown ukiwa na rimu safi sana.

Kwanza: isichemke

Ugonjwa mkubwa wa hizi injini za L ni joto. Ikichemka vibaya, silinda hedi inapasuka, na hapo si gasketi peke yake unanunua. Unatafuta hedi nzima.

Cheki hivi asubuhi injini ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha rejeta, washa, uangalie. Ukiona mapovu yanatoka bila kukoma, gesi ya injini inaingia kwa maji. Vuta dipstiki. Oili ya dizeli kuwa nyeusi ni kawaida, lakini ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia. Kwa gari unayotaka kununua, hizo ishara mbili zinatosha kukufanya urudi nyumbani na doo zako.

Kama iko fiti, ilinde. Usijaze maji ya mfereji mwaka mzima, yanaleta kutu na uchafu ndani ya rejeta. Tumia kulanti. Badilisha kifuniko cha rejeta kikichoka, kwa sababu ndicho kinashika presha, na bila presha maji yanachemka mapema.

Halafu kuna fundi atakuambia atoe themostati "ndio gari ipoe". Kataa. Themostati inasaidia injini kufika joto la kazi na kubaki hapo. Ukiitoa, asubuhi injini inakaa baridi muda mrefu, inakunywa dizeli zaidi na kulika ndani. Kama gari inachemka, tafuta sababu: rejeta iliyoziba, pampu ya maji inayovuja, feni iliyochoka ama belti iliyolegea.

Kitu kingine wengi hawajui: geji ya joto inapima maji. Maji yakiisha kabisa, mshale unaweza kushuka ukadhani mambo ni shwari, kumbe injini inaungua. Geji ikipanda alafu ishuke ghafla, simama. Zima. Usifungue rejeta ikiwa moto, utaungua uso. Na usimwage maji baridi kwa injini iliyochemka, hivyo ndivyo hedi nyingi hupasuka. Ngoja ipoe kabisa.

Mkanda usiochelewa

2L na 3L zinatumia taiming belti ya mpira, si cheni. Toyota iliweka hadi taa ya T-BELT kwa dashibodi, ya kukukumbusha ukifika kilomita 100,000. Shida ni kwamba kwa gari ya miaka thelathini, taa inaweza kuwa imekufa na odomita isiwe ya ukweli.

Belti ikikatika mwendoni, pistoni zinagonga valvu. Hiyo ni injini kufunguliwa, na unaweza kulala barabarani usiku.

Kwa hivyo kama huna ushahidi wa lini ilibadilishwa, chukulia haijabadilishwa. Badilisha wiki ya kwanza, pamoja na beringi yake ya kukaza. Andika tarehe na kilomita kwa karatasi, bandika ndani ya boneti.

Pili: isimame

Hapa kuna siri ya Hilux za dizeli. Injini ya dizeli haivuti vakyum ya kutosha kusaidia breki, kwa hivyo kuna pampu ndogo ya vakyum imefungwa nyuma ya altaneta. Breki ikianza kuwa ngumu kama unakanyaga jiwe, usikimbilie kubadilisha pedi. Cheki hiyo pampu na paipu zake kwanza.

Hiyo pampu pia inapata oili ya injini kupitia mpira mdogo. Ule mpira ukizeeka na kupasuka, oili yote inamwagika barabarani. Taa ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo. Mpira wenyewe ni bei rahisi. Injini si rahisi. Na ukinunua altaneta ya mitumba, hakikisha ni ile iliyo na pampu.

Nyuma kuna dramu. Zinajaa vumbi na zinahitaji kurekebishwa mara kwa mara. Kama hendibreki unaivuta mpaka karibu ikae mapajani na gari bado inateleza, nyuma haishiki. Mafuta ya breki nayo yanavuta unyevu wa hewa, kwa hivyo badilisha yote kila miaka miwili, usiongeze tu.

Tatu: itembee

Grisi ndio chakula cha pikapu. Chini kuna nipo za grisi kwa viungo vya propela shafti. Zikisahaulika utasikia "tang" ukiingiza gia, halafu mtetemo ukishika kasi. Kila ukibadilisha oili, mwambie fundi apige grisi, na usimame pale umwone akipiga.

Oili na filta yake badilisha kila kilomita 5,000. Filta ya dizeli ina mahali pa kutolea maji chini yake. Maji yakifika kwa pampu ya dizeli, hiyo bili itakutoa machozi.

Moshi nao unaongea. Mweupe asubuhi baridi ya Julai na injini inasumbua kuwaka, angalia gloplagi. Mweusi ukipanda mlima, anza na filta ya hewa, kisha nozo. Wa buluu, inakula oili.

Halafu lala chini uangalie chesi. Usiangalie bodi, bodi hupakwa rangi. Chukua nyundo ndogo ugonge chesi, hasa mahali springi za nyuma zimeshikilia. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Gari iliyokaa Pwani iangalie mara mbili, chumvi ya bahari haina huruma. Chesi iliyooza sehemu kubwa haitengenezwi kwa rangi nyeusi na maneno matamu.

Kununua spea bila kuchezwa

Kabla uende Kirinyaga Road ama Industrial Area, piga picha ya kile kibati cha chuma kwa chumba cha injini. Utaona kodi kama LN85 ama LN106. N ni Hilux, na herufi ya kwanza ni familia ya injini: L ni dizeli, R na Y ni petroli. Ukisema "nataka pampu ya Hilux" peke yake, utauziwa yoyote. Ukisema kodi na kubeba ile ya zamani mkononi, mazungumzo yanabadilika.

Vitu vya bodi na viti, chukua mitumba bila wasiwasi. Vitu vya breki, belti, na viungo vya usukani, nunua vipya. Na spea ya bei ya kutupa isiyo na risiti, iache. Inaweza kuwa ilifunguliwa kwa gari ya msee mwingine usiku.

Mwisho: ing'are

Sasa tuingie kwa zile modi. Sio mbaya, lakini kila moja ina bei ambayo fundi hatakuambia.

*Kuinua nyuma ama kuongeza majani ya springi.* Hilux nyingi zina valvu ya breki inayopima mzigo, iko karibu na ekseli ya nyuma na ina fimbo inayoshikana nayo. Ukipakia, nyuma inashuka, valvu inajua kuna mzigo na inapeleka nguvu zaidi kwa breki za nyuma. Ukiinua gari ama ukifanya springi kuwa ngumu, valvu inadhani huna mzigo. Unabeba karibu tani moja ukiteremka Rironi kwenda Mai Mahiu na breki za nyuma zinafanya kazi nusu. Kama lazima uinue, irekebishwe hiyo valvu siku hiyo hiyo.

*Tairi kubwa.* Ukitoka 205R16 hadi 265/75R16, mzunguko wa tairi unaongezeka kwa karibu asilimia 8. Spidomita ikisoma 80, wewe uko karibu 87. Gari inakuwa nzito kuondoka, na breki zinafanya kazi zaidi kuisimamisha. Karao mwenye kamera hatasikiza hesabu ya tairi.

*Taa.* Kabla ya ile baa ya LED ya kuchoma macho ya watu, fanya hii: weka relei na fyuzi kwa taa za kawaida. Kwa gari ya kitambo umeme unapita njia ndefu kwa swichi iliyochoka, taa zinakuwa hafifu. Ukiwa na relei, taa zile zile zinawaka vizuri. Na waya yoyote mpya bila fyuzi ni moto unaongoja siku yake.

*Turbo.* 3L ilitoka kiwandani bila turbo. Kuifunga moja ni kuongeza joto kwa injini ambayo adui yake ni joto. Kwa gari ya kila siku, zii.

*Modi zinazolipa.* Swichi fiche ya kuzima injini, kufuli ya betri, mishipi mizuri, kapeti ya mpira kwa bodi ya mzigo isishike kutu, na turubai. Hazina sifa Instagram, lakini zitakubakisha na gari.

Makaratasi usiyachezee

Pikapu huhesabiwa kama gari ya biashara, kwa hivyo inafaa kupitia ukaguzi wa NTSA kila mwaka, hata kama unabeba laptop pekee. Weka chevroni nyuma na lifesaver mbili ndani.

Ukibadilisha injini, rangi ama aina ya bodi, peleka mabadiliko NTSA ili logbook ifanane na gari. Injini yenye namba isiyo kwa logbook itakusumbua siku ya kuuza, siku ya kusimamishwa, na siku ya kudai bima.

Na hiyo bima, soma vizuri. Kuna ya kubeba mali yako mwenyewe na kuna ya kubeba mali ya watu kwa malipo. Ukiwa na ile ya kwanza na upate ajali ukihamisha vitu vya jirani kwa thao mbili, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa. Thao mbili zinaweza kukugharimu gari yote.

Ratiba ya kuweka kwa simu

Kila asubuhi: oili, maji, na uangalie chini kama kuna kitu kimevuja.

Kila wiki: presha ya tairi, mafuta ya breki, belti za nje, taa zote.

Kila kilomita 5,000: oili na filta, grisi, kutoa maji kwa filta ya dizeli, kucheki breki za nyuma.

Kila mwaka: ukaguzi, kulala chini ya chesi na nyundo, kucheki mipira yote ya maji na oili.

Kila mwezi pia weka kando kitu kidogo, hata kama gari haijasumbua. Pikapu ya kitambo haidai pesa nyingi, lakini inadai bila notisi. Msee aliye na akiba anabadilisha mpira wa oili Jumamosi akinywa soda. Asiye nayo anaungoja upasuke.