Kupiga Chapa Sauti: Toka Bamba la Mchongaji hadi Kompyuta

Herufi za maneno hukaa katika safu moja, moja nyuma ya mwenziwe, kama watu waliopanga mstari kisimani. Noti za muziki hazikubali nidhamu hiyo. Huenda mbele kama maneno, lakini pia hupanda na kushuka. Hukaa juu ya mistari mitano au katikati yake, hufungwa pamoja kwa matao, na mara nyingi mbili au tatu husimama mahali pamoja ili zisikike kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ufundi wa chapa, uliokwisha kuyatiisha maneno huko Ulaya katikati ya karne ya 15, ulihitaji karibu miaka hamsini zaidi kabla ya kuutiisha muziki. Vitabu vya ibada vyenye nyimbo za sauti moja vilipigwa chapa katika miaka ya 1470. Ama muziki wa sauti nyingi, ambao kila sauti ina mwendo wake na muda wake, ulingojea mpaka karne ya 16 ilipoanza.

Aliyeufungua mlango huo ni Ottaviano Petrucci, mzaliwa wa Fossombrone katika Italia. Mwaka 1498 aliiomba serikali ya Venice impe haki ya peke yake kwa muda wa miaka 20, na mwaka 1501 akatoa kitabu kiitwacho Harmonice Musices Odhecaton. Jina la kitabu laahidi nyimbo mia. Waliozihesabu wamekuta 96. Upungufu huo umesamehewa zamani kwa ajili ya uzuri wa kurasa zake. Petrucci aliipitisha karatasi ileile mtamboni zaidi ya mara moja: mara kwa ajili ya mistari, mara kwa ajili ya noti, na mara kwa ajili ya maneno. Karatasi ikisogea kwa unene wa ukucha, noti iliyokusudiwa kukaa juu ya mstari hukaa chini yake, na mwimbaji huimba sauti nyingine kabisa. Katika kitabu cha hadithi, herufi iliyopinda ni doa tu. Katika kitabu cha muziki, alama iliyopinda ni uongo.

Njia hiyo ilikuwa ghali, na wala si ajabu kwamba iliachwa. Mwaka 1528, mjini Paris, Pierre Attaingnant alianza kutoa nyimbo zilizopigwa chapa kwa mpito mmoja. Kila kipande cha risasi kilichukua noti pamoja na kipande kifupi cha mistari mitano nyuma yake. Vipande vikipangwa bega kwa bega, mistari ilitokea yenyewe. Lakini ilitokea imekatika katika kila kiungo, kama ukuti uliotafunwa na panya. Wanunuzi hawakujali. Kitabu rahisi chenye mistari iliyokatika kilienea Ulaya kwa muda wa karne mbili, na kile kizuri cha Petrucci kikabaki katika makabati ya matajiri. Hata hivyo vipande vya risasi vilishindwa na muziki wa kinanda, ambao vidole kumi hutaka noti nyingi mahali pamoja. Breitkopf wa Leipzig alijaribu katika miaka ya 1750 kuvigawa vipande hivyo viwe vidogo zaidi, akafanikiwa kwa kiasi. Lakini wakati huo ushindi ulikuwa umekwisha kwenda kwa watu wa ufundi mwingine.

Watu hao ni wachongaji. Mjini Rome, tangu 1586, Simone Verovio alitoa muziki uliochongwa katika mabamba ya shaba. Baadaye wachongaji wa London waliiacha shaba, ambayo ni ngumu, wakashika bamba la madini laini ya bati na risasi, nao wakatumia mihuri ya chuma badala ya kuchora kila noti kwa mkono. Kazi yenyewe yastahili kuelezwa, maana imekwisha karibu kutoweka duniani. Mchongaji alianza kwa kuuhesabu muziki wote aliopewa na kuamua ni vipimo vingapi viingie katika kila mstari, na ukurasa ukome wapi, ili mpiga kinanda apate nafasi ya kufungua karatasi pasipo kukatiza wimbo. Kisha alivuta kifaa chenye meno matano juu ya bamba, na mistari yote mitano ikatokea pamoja. Alitia alama nyepesi mahali pa kila noti, akaweka muhuri, akagonga kwa nyundo. Vijiti na matao alivikata kwa patasi nyembamba. Haya yote aliyafanya kinyume, toka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa chapa hugeuza kila kitu kama kioo. Akikosea, aliligeuza bamba, akaligonga kwa nyuma mpaka shimo likasawazika, akaanza tena.

Ustadi wa mchongaji haukuwa katika nyundo bali katika nafasi. Mtu asiyejua hudhani kwamba noti ya mapigo mawili yastahili nafasi maradufu ya noti ya pigo moja. Ukurasa uliopangwa hivyo huchosha macho: noti ndefu huelea peke yake jangwani, na noti fupi husongamana kama abiria wa daladala. Mchongaji alijua kwamba muda ukizidi maradufu, nafasi huongezeka kidogo tu, na kwa kipimo kilekile kila mara. Tena alijua kwamba macho hudanganyika. Noti yenye kijiti cha kwenda juu ikifuatwa na yenye kijiti cha kwenda chini, vijiti viwili hukaribiana, na noti huonekana zimebanana ijapokuwa rula yasema nafasi ni sawa. Basi huzitenga kidogo. Mambo yakiwa kinyume, huzisogeza. Hesabu ya rula huvunjwa kusudi ili hesabu ya macho itimie.

Elimu hii ilikaa mikononi. Mwanafunzi aliipata kwa miaka ya kukaa kando ya fundi, na vitabu vilivyoieleza vilikuwa vichache mno. Kitabu kikubwa cha Ted Ross kilitoka 1970, wakati mafundi wenyewe walikuwa wakistaafu. Desemba 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya mtaa wa wapiga chapa wa Leipzig, mji uliokuwa makao makuu ya kazi hiyo. Baada ya vita upigaji chapa wa picha ulifanya bamba lisiwe la lazima, na mashirika yakaanza kutafuta njia ya kupata kurasa bila mchongaji.

Kompyuta iliingia katika pengo hilo. Mapema katika miaka ya 1960 Lejaren Hiller na Robert Baker, katika Chuo Kikuu cha Illinois, walikuwa wakijaribu kuiandikisha mashine muziki. Katika Stanford, Leland Smith alitengeneza programu iliyoitwa SCORE, ambayo wapiga chapa wakubwa waliipokea kwa sababu yeye mwenyewe, akiwa mtunzi, alikuwa na jicho kali. Finale ilitoka 1988. Sibelius, kazi ya ndugu mapacha wa Uingereza, Ben na Jonathan Finn, ikaanza kuuzwa 1993. Programu hizi mbili ziliwapa walimu na watunzi uwezo ambao zamani ulikuwa wa mashirika tu, na faida hiyo haipasi kudharauliwa. Lakini kurasa nyingi za miaka ile zilikuwa na ubaridi fulani. Kila kitu kilikuwa sahihi, na bado mpigaji alisoma kwa shida. Mashine ilikuwa imejifunza alama. Ilikuwa haijajifunza nafasi.

Vijana wawili wa Uholanzi waliokuwa wakipiga muziki katika okestra, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, waliliona jambo hilo, na mwaka 1996 wakaanza programu waliyoiita LilyPond. Badala ya kuuliza kompyuta yaweza nini, waliuliza mchongaji alifanya nini. Walitwaa chapa za zamani, mojawapo ikiwa ya nyimbo za Bach za chelo iliyochongwa kwa mkono na kutolewa na Bärenreiter mwaka 1950, wakazilinganisha na chapa za kompyuta. Waliona kwamba alama za mkono zilikuwa nene na zenye kingo za mviringo, na kwamba mistari ilikuwa na uzito wa kuyashika macho. Waliigeuza kanuni ya nafasi kuwa hesabu. Kuhusu mahali pa kukata mistari, walifuata wazo la Donald Knuth, mtaalamu wa Stanford, ambaye programu yake ya kupanga maneno, TeX, haiamui mstari mmoja mmoja bali hutazama aya nzima na kuchagua mikato iliyo bora kwa jumla. Mchongaji aliyeuhesabu muziki wote kabla ya kugusa nyundo angeitambua kazi yake.

Katika programu hiyo mtu hachori, huandika. Muziki huelezwa kwa herufi na tarakimu katika faili la kawaida, na mashine hulisoma na kutoa ukurasa. Hapo ndipo wanafunzi hukwama, na makosa yao hufanana popote walipo. La kwanza lahusu maana ya noti. Mwanakwaya akiambiwa kwamba doh ni G, ajua kwamba kila F huimbwa kwa kupandishwa, kwa kuwa shapu imekwisha kutiwa mwanzoni mwa mstari. Basi huandika F tupu, naye hushangaa kuona mashine imeweka mbele yake alama ya kufuta shapu. Mashine haikukosea. Yeye aliandika anachokiona. Yenyewe hutaka kuandikiwa kinachosikika, na F iliyopandishwa huitwa fis hata kama karatasi haionyeshi alama yoyote. Akiisha kulifahamu hilo, aweza kuuhamisha wimbo mzima kwenye doh nyingine kwa amri moja.

La pili ni la oktava. Ili kupunguza kazi, mwandishi aweza kuiagiza mashine iichukue kila noti kuwa ile iliyo karibu zaidi na iliyotangulia, na alama ndogo huongezwa pale tu sauti inaporuka mbali. Alama moja ikisahauliwa, kosa halibaki mahali pake. Noti zote zinazofuata hushuka pamoja, hata soprano ikajikuta chini ya besi. La tatu ni la muda, na hufanana nalo, maana noti isiyotajiwa muda hurithi muda wa mwenziwe. Dawa ni kutia alama ya mpaka mwishoni mwa kila kipimo: mapigo yasipotimia, mashine hulalamika na kutaja mstari wenye kosa. Wavivu huziacha alama hizo, na jioni nzima huwapotea wakitafuta pigo moja.

Maneno ya wimbo yana mashaka yake, na hapo Kiswahili chadai haki yake. Silabi za Kiswahili huishia kwa vokali, isipokuwa m na n zinaposimama peke yake kama katika mtoto na nchi, ambapo mtunzi aweza kuzipa noti yake. Neno Mungu hukatwa Mu-ngu, wala si Mun-gu. Kwenda ni kwe-nda. Mpangaji aliyefunzwa kwa nyimbo za Kiingereza hukata kwa mazoea ya huko, na madhara yake si ya macho tu: kwaya iliyokuta Mun chini ya noti ndefu huifunga sauti katika n, ambapo vokali u ilistahili kujaa kanisani. Katika LilyPond silabi hutengwa kwa nafasi na vistari viwili. Anayeandika kistari kimoja bila nafasi hupata neno zima likining'inia chini ya noti moja, na maneno yote ya nyuma yake yakihama.

Lakini kwaya nyingi za Afrika Mashariki hazikulelewa na mistari mitano. Wamisionari walileta sol-fa, iliyoanzishwa na Sarah Glover na kuenezwa na John Curwen katika Uingereza ya karne ya 19, ambayo huandika sauti kwa herufi na kugawa mapigo kwa nukta mbili. Njia hiyo iliifaa sana taipureta, kwa kuwa kila herufi yake ina upana sawa, na sauti nne ziliweza kupangwa wima bila shida, zikapigwa stensili na kugawiwa. Kompyuta, yenye herufi za upana mbalimbali, iliuvuruga mpango huo: i nyembamba na m pana huzifanya besi na tena zisimame chini ya pigo lisilo lao. Programu kubwa zilitengenezwa na watu wa mistari mitano kwa ajili ya watu wa mistari mitano, na mwalimu wa kwaya mara nyingi hurudi kwenye jedwali la kuchora mwenyewe.

Agosti 2024 shirika lenye Finale lilitangaza kwamba halitaiendeleza tena. Watunzi waliohifadhi kazi ya miaka zaidi ya 30 katika mafaili yasiyosomwa vema na programu nyingine walianza kuyahamisha kupitia MusicXML, lugha ya kubadilishana muziki aliyoianzisha Michael Good. Noti huvuka, nafasi, matao na mikato ya kurasa mara nyingi hubaki ng'ambo, na hupangwa upya. Faili la LilyPond nalo huchakaa, kwa kuwa amri zake zimebadilika mara nyingi tangu 1996. Lakini lasomeka kwa macho matupu, na pamoja nayo huja programu ndogo ya kuzigeuza amri za kale ziwe za sasa. Hiyo hutengeneza sehemu kubwa, na iliyosalia hurekebishwa kwa mkono.