Je, roboti ingemwamini Stanley?

Nje kidogo ya mji wa Tabora, pale Kwihara, lipo tembe la Livingstone. Februari 1872 Henry Morton Stanley na David Livingstone walifika hapo wakitokea Ujiji. Tarehe 14 Machi wakaagana, Stanley akashika njia ya pwani na habari yake kubwa: Daktari nimempata, na yu hai.

Unadhani alipokewa kwa shangwe? Wapi! Uingereza wengi walimcheka, na wengine wakasema hata barua alizobeba ni za kughushi. Walimpima mtu badala ya habari: mwandishi wa gazeti la New York, mwenye kujisifu, tena asiyependa kuulizwa kwao ni wapi. Na kweli hapo palikuwa na jambo. Alijiita Mmarekani, kumbe alizaliwa Wales kwa jina la John Rowlands.

Sasa tazama mtego huo. Mtu yuleyule alidanganya kuhusu kwao, akasema kweli kuhusu Ujiji. Kilichomwokoa si uso wala sauti, ni mwandiko: familia ya Livingstone na serikali waliutambua.

Mwaka 1873 Chuma na Susi walipita Kwihara na mwili wa Livingstone, safari ya miezi hadi Bagamoyo. London ilijuaje kuwa ni yeye? Daktari Fergusson aliuangalia mfupa wa mkono wa kushoto, akakuta alama ya pale ulipovunjwa na simba miaka mingi nyuma.

Turudi kwenye roboti. Kati ya 2016 na 2019 Umoja wa Ulaya uligharimia iBorderCtrl, mradi ambao sura ya kompyuta iliwahoji watu na kuchunguza misuli ya nyuso zao. Shida ni kwamba uso huonyesha wasiwasi, na wasiwasi si uongo. Msafiri mkweli aliyechoka, anayehojiwa kwa lugha ya kigeni, naye hutoka jasho. Sisi binadamu tukimtazama tu mtu, hupatia mara 54 hivi katika 100, karibu sawa na kurusha sarafu. Mashine ikijifunza kwa kutazama tu, inarithi udhaifu huohuo.

Kwa hiyo mtambo kama huo ukiletwa mpakani kwetu, uliza mapema: unalinganisha maneno yangu na ushahidi gani, au unanitazama usoni tu?