KAHAWA YA BABU: HISTORIA YA FAMILIA MOJA YA KALEHE



Kamati imeniomba niandike kidogo kwa ukumbusho wa Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Juu ya vita sitaandika mengi, maana hayo sote tunayajua. Nitaandika juu ya kahawa, kazi iliyotulea vizazi vitatu huko Kalehe, Kivu ya Kusini.

Katika miaka ya 1940 babu alikuwa kibarua katika shamba la mzungu kando ya Ziwa Kivu. Kahawa ya arabika inapenda milima yetu: mvua ni ya kutosha, na hata ufukweni mwinuko unapita meta 1,400. Babu alijifunza kupanda, kupogoa na kuchuma. Kikombe hakukionja. Baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, alipanda miche yake mwenyewe nyuma ya nyumba.

Mwaka 1973 serikali ya Mobutu ilitwaa mashamba ya wageni na kuwapa wananchi. Wengi waliopewa hawakuijua kazi. Mashine zilishika kutu na miti ikageuka pori. Shamba dogo la babu liliendelea, kwa kuwa mwenyewe alilala karibu nalo.

Mimi nilizaliwa mwaka 1989. Mwaka huo huo mapatano ya nchi zinazolima na zinazonunua kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka karibu nusu. Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998. Wanunuzi hawakupanda tena mlimani. Baba akafanya kama majirani: aliimenya kahawa nyumbani, akaianika chini, akaivusha usiku kwa mtumbwi hadi Rwanda. Huko walipata chumvi, sabuni na nguo. Kahawa yetu ikahesabiwa kuwa ya nchi nyingine.

Ziwa lilimeza wanaume wengi. Mume wa shangazi yangu aliondoka na magunia mawili, upepo ukawakuta katikati. Hatukupata mwili wa kuzika. Msimu uliofuata shangazi alichuma mwenyewe, na ada yangu ya shule ilitoka katika mikono yake. Vijana, msiwaite watu wale wezi wa magendo. Waliuza jasho lao mahali palipokuwa na mnunuzi.

Mabadiliko yalianza na vyama vya ushirika. Kule Minova, SOPACDI ilianzishwa mwaka 2003, na wakulima wakapata tena mahali pa kuoshea kahawa. Nasi tukaingia ushirika. Baba alifundishwa kuchuma tunda jekundu tu na kulifikisha kwenye mashine siku ile ile. Linamenywa, linachachushwa, linaoshwa kwa maji safi, kisha linaanikwa juu ya meza za wavu, wala si chini kwenye udongo. Tunda bichi moja likiingia, linaharibu ladha ya mengine.

Siku moja waonjaji walikuja, wakaipika kahawa yetu, wakampa baba kikombe. Alikuwa amepita miaka hamsini, na ndiyo mara ya kwanza kuonja kahawa yake iliyotengenezwa vizuri. Alinyamaza, halafu akasema: "Kumbe hii ndiyo waliyokuwa wanakunywa." Alikuwa akimfikiria babu. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo kahawa ya Kivu inauzwa Ulaya na Marekani kwa jina lake yenyewe.

Sisi tulikimbia mwaka 2013. Baba alibeba nguo chache na daftari moja. Ndani yake ameandika safu za miti na mipaka: upande wa chini kijito, upande wa juu mawe matatu. Jumapili jioni huwauliza wajukuu, nao hujibu kwa zamu. Wamezaliwa hapa Uganda; ua la kahawa katika shamba lao hawajaliona. Lakini mpaka wanaujua.

Ndugu zangu, siku ya kurudi, shamba lisilokuwa na mtu wa kulikumbuka litapata mwenyewe mwingine. Kwa hiyo naomba kila mzee akae na mjukuu mmoja, amwambie jina la mlima wao, kijito chao na kazi yao, na mtoto aandike. Asiye na daftari aje shuleni kwangu. Karatasi hazitakosekana.